Nyasi Ziumiapo: Ubia wa Mashirika ya Hisani na Hatima ya Watoto wa Waroma Walioathiriwa na Vita

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi hata imekuwa nyepesi vinywani mwetu. Hata hivyo, ni nadra kujiuliza iwapo nyasi zote huumia kwa kiasi kimoja. Zipo nyasi zenye mizizi, ambazo zikikanyagwa leo huchipuka kesho. Na zipo zilizokuwa zimekwisha kunyauka kabla fahali hawajafika uwanjani. Vivyo hivyo, vita huwakumba raia wote, lakini havimwachi kila raia katika hali moja. Yule aliyekuwa na hati ya nyumba, cheti cha kuzaliwa, jina katika sajili ya shule na jirani wa kumtetea hupoteza mengi, ila hubaki na ushahidi wa alichokipoteza. Asiyekuwa na hivyo hupoteza hata haki ya kuhesabiwa miongoni mwa waliopoteza.

Makala haya yananuia kueleza hali ya jamii moja iliyokaa katika fungu hilo la pili kwa karne nyingi, nayo ni jamii ya Waroma wa Ulaya. Tutaanza kwa kueleza Waroma ni akina nani. Kisha tutatazama yaliyowapata katika vita viwili, yaani vita vya Kosovo vya 1998 na 1999, na vita vya Ukraine vilivyopamba moto tangu Februari 2022. Hatimaye tutachunguza namna mashirika ya hisani yanavyoshirikiana kuwanusuru watoto na familia za jamii hii, tukionyesha palipofaa na palipoharibika. Mwandishi anashikilia kuwa msaada si jambo jema kwa sababu tu umetolewa. Msaada hupimwa kwa swali moja: je, anayesaidiwa alikuwapo ulipopangwa?

Waroma ni Akina Nani?

Sisi wanafunzi wa lugha tunajua kwamba jina ni mlango, basi na tuanzie mlangoni. Waroma si Warumi. Warumi ni watu wa dola ya kale iliyokuwa na makao yake katika mji wa Roma, Italia. Waroma tunaowazungumzia hawakupata jina lao kutokana na mji huo. Katika lugha yao, rom ni mwanamume au mume wa jamii hiyo, romni ni mke, na roma ni wingi wa rom. Kwa hivyo tunaposema "Waroma" tunaweka wingi juu ya wingi, nasi tutaombwa radhi na Kiromani siku moja. Jina jingine, "Wajipsi", lilitufikia kupitia Kiingereza, na chimbuko lake ni dhana potofu ya Wazungu wa kale kwamba watu hawa walitoka Misri. Wengi wa Waroma hulichukulia jina hilo kuwa la dharau.

Ukweli ni kwamba asili yao ni kaskazini mwa Bara Hindi, walikotoka yapata miaka elfu moja iliyopita. Ushahidi mkubwa wa jambo hili haukutoka katika makaburi wala katika nyaraka za wafalme, bali katika isimu. Lugha ya Kiromani ni jamaa ya Kihindi na Kipunjabi. Hadi leo Mroma wa Ulaya na Mhindi wa Delhi wote huyaita maji pani. Msomaji atakumbuka kwamba Kiswahili nacho kilipokea maneno kama vile gari na laki kutoka Bara Hindi kwa njia ya bahari. Maneno hayo yalikuja kwetu na wafanyabiashara. Ya Kiromani yalisafiri nchi kavu pamoja na wenyewe, yakachukua ya Waajemi, ya Waarmenia na ya Wagiriki njiani, yakafika Ulaya.

Baraza la Ulaya hukadiria kuwa Waroma wa bara hilo ni kati ya milioni 10 na 12, na hivyo kuwafanya kuwa jamii ndogo iliyo kubwa kuliko zote huko. Hawana dola yao. Katika tawala za Wallachia na Moldavia, ambazo leo sehemu yake kubwa ni Romania, walikuwa watumwa kwa takriban karne tano hadi utumwa huo ulipokomeshwa katika miaka ya 1855 na 1856. Aghalabu tunapoitaja biashara ya watumwa, fikra zetu huenda Zanzibar na Bagamoyo, na kwa haki. Ila ni wachache wanaojua kwamba katika karne hiyo hiyo ya kumi na tisa binadamu waliuzwa mnadani katika ardhi ya Ulaya yenyewe.

Fauka ya hayo, katika Vita Vikuu vya Pili Wanazi waliwaua Waroma kwa azma ya kuwafuta. Makadirio ya idadi ya waliouawa huanzia 200,000 na kufika 500,000. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944, maelfu ya waliokuwa wamesalia katika sehemu ya kambi ya Auschwitz-Birkenau iliyotengewa familia za Waroma waliuawa kwa gesi, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee. Baada ya vita, manusura walipodai fidia, mahakama ya juu ya Ujerumani Magharibi iliamua mnamo 1956 kwamba mateso yao ya kabla ya 1943 hayakutokana na ubaguzi wa rangi bali na "tabia" yao. Serikali ya nchi hiyo ilikiri rasmi kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari mwaka wa 1982. Manusura wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hapa ndipo msomaji anapoanza kuuona uzi wa makala haya: Mroma huumizwa mara mbili, kwanza na mwenye silaha, kisha na mwenye kalamu.

Mahala ya Mitrovica

Mjini Mitrovica, kaskazini mwa Kosovo, kando ya mto Ibar, kulikuwa na mtaa uliojulikana kama Mahala ya Waroma. Neno mahala liliingia Balkani kupitia Kituruki kutoka Kiarabu. Ni ndugu wa "mahali" letu la Kiswahili. Hapo waliishi Waroma wapatao 8,000, na mtaa huo ulikuwa miongoni mwa mikubwa ya jamii hiyo katika eneo zima. Wengi walikuwa na nyumba za matofali, na baadhi yao walikuwa vibarua katika kampuni ya madini ya Trepča iliyoyeyusha madini ya risasi.

Vita kati ya majeshi ya Serbia na wapiganaji wa Kialbania vilipokwisha Juni 1999, Waalbania waliokuwa wamefukuzwa makwao walirejea wakiwa na uchungu mwingi. Waroma, ambao wengi wao walizungumza Kiserbia, walituhumiwa kwa jumla kuwa walishirikiana na Waserbia. Tuhuma ya wachache iligeuka hukumu ya wote. Mahala ikaporwa, ikateketezwa, na wakazi wake wakatawanyika huku majeshi ya kimataifa yakiwa tayari yamekwisha kuingia Kosovo. Hivyo basi, mtaa huu haukuangamia wakati wa vita. Uliangamia katika wiki za mwanzo za amani.

Umoja wa Mataifa, uliokuwa umekabidhiwa utawala wa Kosovo kwa azimio la Baraza la Usalama namba 1244 la tarehe 10 Juni 1999, uliwapa baadhi ya waliofukuzwa hifadhi ya muda kaskazini mwa mto. Kambi zilifunguliwa Žitkovac, Česmin Lug na Kablare. Zilikusudiwa ziwe za siku chache. Watu takriban 600 waliishi humo kwa miaka, na familia za mwisho ziliondoka zaidi ya mwaka wa kumi baadaye.

Zilikuwa zimejengwa karibu na malundo ya taka za Trepča. Katika Kiswahili, risasi ni ile itokayo katika bunduki, na risasi ni madini pia. Ni nadra lugha kuusema ukweli kwa ufupi kiasi hiki, kwani watu hawa waliikimbia risasi ya kwanza wakalala juu ya ya pili. Upepo uliipeperusha vumbi lake, watoto waliichezea, ikaingia mikononi, vinywani na damuni. Aidha, baadhi ya wazazi waliyeyusha betri kuukuu ili wauze chuma chake, kwa kuwa hapakuwa na kazi nyingine, nao wakaongeza sumu hiyo bila kukusudia.

Ni vyema kueleza jinsi sumu hii inavyofanya kazi. Risasi ikiingia mwilini hujifanya kama kalisi, hivyo mwili wa mtoto, ambao una kiu ya kalisi ili ujenge mifupa, huipokea kwa mikono miwili. Huathiri ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na kumakinika, huleta upungufu wa damu, na ikizidi huleta degedege na kifo. Shirika la Afya Duniani husisitiza kuwa hakuna kiwango cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama. Zaidi ya hayo, dawa za kuiondoa hazifai kitu endapo mtoto atatibiwa asubuhi na kurudishwa jioni katika vumbi lile lile.

Je, wakubwa hawakujua? Uchunguzi uliofanywa mwaka wa 2000 kwa ajili ya utawala wenyewe ulikwisha kuonya kuhusu viwango vya risasi, na Agosti mwaka huo kiwanda cha kuyeyushia madini kilifungwa kwa sababu ya uchafuzi. Kiwanda kilifungwa; kambi zikaachwa. Mwaka wa 2004 Shirika la Afya Duniani lilipima damu za watoto na kutaka wahamishwe mara moja. Mwaka wa 2006 baadhi ya familia zilihamishiwa Osterode, kambi ya zamani ya wanajeshi wa Kifaransa, iliyokuwa hatua chache tu kutoka Česmin Lug. Česmin Lug yenyewe ilifungwa 2010, na Osterode mwishoni mwa 2012.

Tarehe 26 Februari 2016, jopo la ushauri wa haki za binadamu lililoundwa kupokea malalamiko dhidi ya utawala huo lilitoa uamuzi kuhusu walalamikaji 138 wa kambi hizo. Lilibainisha kuwa haki zao kadha zilikiukwa, ikiwamo haki ya kuishi, likapendekeza waombwe radhi hadharani na walipwe fidia. Mnamo Mei 2017 Umoja wa Mataifa ulieleza masikitiko na kutangaza mfuko wa hiari wa kuisaidia miradi ya jamii hizo, si fidia kwa kila mhasiriwa. Katika miaka iliyofuata, mashirika ya haki za binadamu yaliripoti mara kwa mara kuwa hakuna nchi iliyouchangia.

Watoto wa Ukraine

Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine kwa nguvu zote. Sensa ya 2001 ilikuwa imewahesabu Waroma 47,587 nchini humo, ila makadirio ya Baraza la Ulaya na ya mashirika ya Waroma huifikisha idadi hiyo kati ya 200,000 na 400,000. Tofauti hiyo kubwa yenyewe ni maelezo tosha. Wengi hawakujiandikisha kama Waroma kwa kuogopa kubaguliwa, na wengine hawakuwa na karatasi zozote. Kabla ya vita, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi lilikadiria kuwa watu takriban 35,000 nchini Ukraine hawakuwa na uraia au uraia wao haukujulikana, na Waroma walikuwa sehemu yao.

Umoja wa Ulaya ulitenda jambo la kusifiwa. Tarehe 4 Machi 2022 uliianzisha, kwa mara ya kwanza tangu itungwe mwaka wa 2001, sheria ya hifadhi ya muda, ambayo ilimpa mkimbizi wa Ukraine ruhusa ya kuishi, kufanya kazi, kutibiwa na kusomesha watoto bila kupitia mlolongo wa maombi ya ukimbizi. Mamilioni walipokelewa kwa ukarimu. Hata hivyo, sheria hiyo ilimtambua raia wa Ukraine, au mtu aliyekuwa na hifadhi au ukaazi wa kudumu huko. Mama asiyekuwa na kitambulisho, aliyezaliwa na mama asiyekuwa na kitambulisho, angethibitishaje kuwa yeye ni mmoja wao? Mlango ulikuwa wazi, ila ufunguo wake ulikuwa karatasi ambayo hakuwahi kupewa.

Isitoshe, hata wenye karatasi hawakupokelewa sawa. Mjini Chișinău, Moldova, familia za Waroma zilikusanywa katika ukumbi wa riadha uitwao Manej, na watetezi wa haki wakalalamika kuwa zilitengwa na wakimbizi wengine. Mjini Prague, katika majira ya kuchipua ya 2022, mamia ya Waroma, wengi wao akina mama na watoto kutoka mkoa wa Zakarpattia, walilala kwa majuma kadhaa katika stesheni kuu ya reli. Hoja moja iliyotolewa ni kwamba baadhi yao walikuwa na uraia wa Hungaria pia, kwa hivyo hawakustahili hifadhi ya Waukraine. Wenye hati pungufu walinyimwa kwa kukosa. Wenye hati mbili walinyimwa kwa kuzidisha.

Maana ya Ubia na Namna Unavyofanya Kazi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hakuna shirika hata moja linaloweza kumtoa mtoto katika hali tuliyoieleza likiwa peke yake, na ndiyo maana huzungumzwa ubia. Kwa kawaida ubia wa namna hii huwa na ngazi tatu. Ya kwanza ni ya wafadhili, kama vile Umoja wa Ulaya, serikali na wakfu za watu binafsi. Ya pili ni ya mashirika ya kimataifa yenye uzoefu wa kuendesha miradi. Ya tatu ni ya asasi za Waroma wenyewe, zilizo karibu na mlango wa anayesaidiwa. Fedha huteremka kutoka juu. Maarifa hupanda kutoka chini. Ubia mwema ni ule ambao njia zote mbili zina wapitaji.

Mfano wa kwanza ni ujenzi. Mahala ya Mitrovica ilianza kujengwa upya, na wakazi wa kwanza wakarudi mwaka wa 2007. Baadaye, kwa fedha za Marekani na za Umoja wa Ulaya, shirika la Mercy Corps liliendesha mradi wa kuzijengea nyumba familia zilizobaki kambini. Jambo la kutilia maanani ni kwamba wengi wa waliorudi hawakuwa na hati za viwanja vya wazee wao. Nyumba haikuweza kujengwa na fundi kabla haijajengwa kwanza na mwanasheria.

Mfano wa pili ni elimu. Mwaka wa 2005 serikali nane za Ulaya ya kati na ya mashariki zilizindua Muongo wa Ujumuishaji wa Waroma, uliomalizika 2015. Sambamba nao ulianzishwa Mfuko wa Elimu ya Waroma, ukiungwa mkono na Benki ya Dunia na wakfu wa Open Society, ambao ulitoa misaada ya karo na kugharimia miradi ya shule za awali hadi vyuo vikuu. Nchini Kosovo, kikundi cha Balkan Sunflowers, kilichoanza 1999 kama kundi la watu wa kujitolea, kilifungua vituo vya masomo kwa watoto wa Waroma, Waashkali na Wamisri wa Balkani. Humo watoto husaidiwa kazi za ziada na kutayarishwa kwa darasa la kwanza.

Kwa nini vituo hivi ni muhimu? Sababu mojawapo ni lugha. Ujerumani ilipotiliana saini na Kosovo mwaka wa 2010 mkataba wa kuwarejesha wakimbizi, watoto waliozaliwa Ujerumani walijikuta katika nchi wasiyoijua, wakizungumza Kijerumani katika madarasa ya Kialbania au Kiserbia, bila vyeti vya shule walizotoka. Utafiti uliochapishwa na UNICEF mwaka huo ulionyesha kuwa takriban watoto 3 kati ya 4 wa umri wa shule waliorejeshwa hawakuendelea na masomo. Mwalimu anaposema mtoto huyu ni mzito wa kuelewa, sisi wa idara za lugha tuna wajibu wa kuuliza: mzito wa kuelewa kitu gani, somo au lugha ya somo? Kosa hilo lina historia. Tarehe 13 Novemba 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliipata Jamhuri ya Cheki na hatia katika kesi ya watoto 18 wa Kiroma wa mji wa Ostrava, waliowekwa katika shule za wenye ulemavu wa akili. Takwimu zilizowasilishwa zilionyesha kuwa mtoto wa Kiroma mjini humo alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi ya mwenzake wa kupelekwa katika shule hizo.

Mfano wa tatu ni wasuluhishi wa jamii. Nchini Ukraine, asasi ya wanawake wa Kiroma iitwayo Chiricli, neno lenye maana ya ndege katika Kiromani, ilikuwa imewafunza wasuluhishi kwa miaka mingi kabla ya 2022. Msuluhishi ni Mroma, mara nyingi mwanamke, anayeaminika mtaani na anayeijua njia ya ofisi. Humsindikiza mgonjwa hospitalini, humsaidia mama kusajili uzazi, humtafsiria mzee barua ya serikali. Kazi yake haina fahari wala haipigwi picha. Lakini vita vilipozuka, watu wa namna hii ndio waliojua ni nani amebaki katika nyumba ipi, nani hana karatasi, na nani hawezi kuvuka mpaka pasipo mtu wa kumsemea. Bohari la mablanketi hujazwa kwa wiki moja. Imani ya mtaa haijazwi hivyo.

Kasoro za Ubia

Penye miti hapana wajenzi, na penye wafadhili hapakosi kasoro. Tutataja tatu.

Kwanza ni ufupi wa muda. Mradi wa miezi kumi na minane humfunza mtoto kusoma nusu ya alfabeti, kisha ukaondoka na mabango yake. Mtoto huhitaji miaka minane au zaidi kumaliza elimu ya msingi, wala hawezi kuharakishwa ili aafikiane na mwaka wa fedha wa mfadhili.

Pili ni utengano unaojificha ndani ya wema. Kambi ya Waroma peke yao, darasa la Waroma peke yao, ukumbi wa Waroma peke yao: yote hupangwa kwa hoja ya kurahisisha huduma, nayo huishia kuwa ukuta. Kituo cha masomo hufaa kikiwa daraja la kumpeleka mtoto katika shule ya wote. Kikigeuka badala ya shule, kimekuwa kambi nyingine.

Tatu, na lililo zito kuliko yote, ni uwajibikaji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walioyachagua maeneo ya kambi za Mitrovica hawakulala humo. Haielekei kuwa walikusudia mabaya. Waliona kiwanja kitupu, wakaona watu wasio na paa, wakaunganisha. Ubaya ulianza pale wazazi waliposema watoto wanaugua, nao wakasikilizwa kama watu wa kulalamika tu. Serikali ikikosea, raia huenda mahakamani; kampuni ikikosea, hushtakiwa. Lakini mhisani akikosea, mhitaji huambiwa ashukuru. Ubia usio na mahali pa mhitaji kumshtakia mhisani si ubia, bali ni sadaka yenye wadhamini wengi.

Yanayotuhusu Sisi

Huenda msomaji akauliza: Waroma na Mkenya wapi na wapi? Jibu halihitaji safari ndefu. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, uliathiriwa na risasi ile ile kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka wa 2014. Wakazi walipoishtaki serikali na wahusika wengine, mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mnamo 2020, na baada ya mvutano wa rufaa Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Tofauti kati ya Mombasa na Mitrovica si kiasi cha sumu. Ni kwamba wa Mombasa walikuwa na mahakama yenye uwezo wa kuamuru walipwe.

Kadhalika, Wamakonde wa Kwale waliishi humu nchini kwa miongo mingi bila vitambulisho, hadi walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 na hatimaye kutambuliwa kuwa kabila la arubaini na tatu la Kenya. Wapemba wa pwani yetu walitambuliwa 2023. Aliyewahi kukosa karatasi hahitaji kufafanuliwa hali ya mama wa Zakarpattia aliyesimama mbele ya dirisha la afisa jijini Prague.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba madhila ya Waroma hayakuanza na vita wala hayamaliziki kwa mkataba wa amani. Vita huja na kuufunua udhaifu uliokwisha kuwapo: ukosefu wa hati, wa shule, wa ardhi na wa mtetezi. Tumeona pia kuwa ubia wa mashirika ya hisani unaweza kuinua nyumba palipobaki majivu na kumrudisha mtoto darasani. Kadhalika, unaweza kumlaza juu ya sumu kwa miaka kumi huku ripoti zikiandikwa kwa lugha safi.

Kinachotofautisha mawili hayo hakigharimu pesa nyingi. Ni kumweka mwenye kunguni katika kikao cha kununua kitanda: Mroma awe miongoni mwa wapangaji, msuluhishi wake alipwe mshahara wa kudumu badala ya posho ya mradi, hati zishughulikiwe kabla ya vita na si baada yake, na kila mkataba wa msaada uwe na mlango wa malalamiko ambao ufunguo wake hauko mfukoni mwa anayelalamikiwa.

Watoto waliopimwa damu mwaka wa 2004 leo ni watu wazima, na wengine wana watoto wao. Mfadhili akija na mradi mwingine, wakubwa hao watamtazama kwanza mahali anapotaka kujenga. Hakuna haja ya kuwauliza kwa nini hawaamini. Wanajua udongo.